Kumkabidhi Mwanaidi Chombo

Rubani wa hadithi ninayoiandika anaitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Ngomeni, pwani ya Kenya. Katika safari ya miaka mitatu na nusu kutoka hapa hadi Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, kazi yake hasa, ile ambayo hakuna mwingine chomboni anayeiweza, ni ya saa moja tu. Muda wote uliobaki anakagua, anapima, anasikiliza injini, anasubiri. Nimemfanya hivyo kwa makusudi. Hadithi nyingi za anga nilizosoma humpa rubani mikono ya haraka na maneno ya majigambo, na chombo chake hupinda na kupiga mbizi kana kwamba kuna hewa ya kuegemea. Kule hakuna hewa. Ukizima injini chombo hakisimami. Kinaendelea na mwendo ule ule mpaka kitu kingine kikizuie. Mwandishi akilizingatia hilo peke yake, mhusika wake anabadilika mzima, maana mtu ambaye hawezi kusimama ghafla hana budi kufikiri mapema.

Hadithi yenyewe ina uongo mmoja, na nimejiruhusu huo tu: injini inayoweza kusukuma chombo mfululizo kwa miaka, kwa nguvu inayowapa abiria uzito ule ule waliouzoea duniani. Injini ya namna hiyo haipo. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977 na ambayo imefika mbali kuliko chombo kingine chochote cha binadamu, inakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali wa hadi Proxima ungeichukua zaidi ya miaka 70,000. Msomaji akinikubalia uongo huo, mengine yote nayaacha yafuate kanuni za fizikia bila upendeleo. Chombo kinaongeza kasi nusu ya njia, kisha kinageuzwa, tezi mbele na omo nyuma, na injini ile ile inakipunguza kasi nusu iliyobaki. Kwa saa za chomboni ni miaka mitatu na nusu. Kwa kalenda ya Ngomeni ni karibu sita. Saa ya Mwanaidi ndiyo hiyo ya kugeuza. Asipoweza, chombo chenye watu arobaini kitaipita nyota yao kikiwa na kasi isiyo na breki.

Nilipoanza kumjenga sikuanza na sura yake wala tabia. Nilianza na swali: nani amemwamini, na amemwamini kwa kiasi gani?

Tarehe 12 Aprili 1961, Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, alipoketi ndani ya chombo chake, Vostok, vidhibiti vya kuendesha kwa mkono vilikuwa vimefungwa. Hakuna aliyejua kwa hakika kama akili ya mtu itabaki timamu akiwa hana uzito, peke yake, akiitazama dunia kutoka nje. Kwa hiyo chombo kiliendeshwa na mitambo yake na watu wa ardhini, na namba ya kufungulia vidhibiti, 125, ikatiwa ndani ya bahasha. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu anayeweza kufungua bahasha, kusoma namba na kuibonyeza bado ana akili zake. Lakini kabla hajaruka, wenzake wa ardhini walikuwa wamekwisha kumwambia namba hiyo. Kisa hiki nakipenda sana kwa sababu kina pande mbili za kila amana. Kuna mamlaka inayokufungia kabati kwa kuogopa utavunja vyombo, na kuna mtu anayekuangalia usoni na kuamua kwamba wewe hutavunja. Rubani wa hadithi anahitaji pande zote mbili zimzunguke. Akiaminiwa na kila mtu tangu ukurasa wa kwanza, hana pa kusimama.

Miaka 24 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Kituo cha anga cha Wasovieti, Salyut 7, kilikuwa kimezimika tangu Februari 1985, hakina umeme, hakijibu wito, kinazunguka dunia bila mtu ndani. Mitambo ya kuunganisha vyombo yenyewe kwa yenyewe haikufaa kitu, kwa sababu inahitaji kituo kinachojibu. Ilibidi atafutwe mtu wa kukifikia kwa mkono na kwa macho. Wasovieti wakamtuma Vladimir Dzhanibekov, ambaye mwaka 1982, akiwa karibu kufika kwenye kituo hicho hicho, kompyuta ya chombo chake iliharibika naye akakiunganisha mwenyewe. Safari hii alikwenda na fundi wa chombo Viktor Savinykh, na miongoni mwa zana zao kilikuwamo kifaa cha leza cha kushika mkononi, cha kupimia umbali. Walipokaribia, waliona kwamba mabawa ya kituo yanayokusanya mwanga wa jua hayaelekei upande mmoja. Kwa hilo tu, kabla hawajagusa chochote, walijua kwamba mfumo mzima wa umeme umelala. Waliungana nacho tarehe 8 Juni. Ndani kulikuwa giza, maji yameganda, nao wakafanya kazi wamevaa kofia za sufu.

Mabawa yale yaliyopishana ndiyo yaliyonipa Mwanaidi. Nilimwona mtu anayekikaribia kitu kilichokufa, polepole, na kukisoma hali yake kwa kutazama jinsi kilivyokaa. Dzhanibekov alikuwa pia mchoraji, na mimi siamini kwamba hilo ni jambo la pembeni. Jicho lililozoea kuangalia kitu kwa muda mrefu ili kukiweka kwenye turubai haliangalii kama la mtu anayepita njia. Mwanaidi nimempa ukili. Bibi yake alikuwa akisuka mikeka, naye amechukua tabia hiyo hadi chomboni, anasuka kwa utepe wa plastiki unaofungia mizigo kwa kuwa miyaa haipo. Anasuka huku macho yako kwenye vipimo. Wenzake wamezoea kuona ukili umemwangukia mapajani, umefika urefu wa korido, na wanajua kwamba vidole vyake vikisimama ghafla kuna kitu amekisikia.

Kuna elimu nyingine ya rubani ambayo kila mwandishi wa hadithi za anga angeipata mapema ingemsaidia. Juni 1965, mwanaanga James McDivitt akiwa na chombo cha Wamarekani cha Gemini 4 alijaribu kukisogelea kipande cha roketi kilichowapandisha, kilichokuwa kikielea karibu nao. Alifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: alielekeza pua kwenye shabaha akasukuma. Kipande kikazidi kuwa mbali. Akasukuma tena, hali ikawa ile ile, mpaka mafuta mengi yakatumika na jaribio likaachwa. Sababu ni kwamba ukiwa unaizunguka dunia, kuongeza mwendo kunakupandisha kwenye mzunguko wa juu zaidi, na mzunguko wa juu ni mrefu na unakwenda taratibu zaidi. Aliye mbele yako anakuacha. Ukitaka kumfikia inabidi upunguze mwendo, ushuke chini yake, umpite ukiwa chini, halafu upande.

Mwanaanga mwenzake, Buzz Aldrin, alikuwa amekwisha kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu jambo hilo hilo katika chuo cha MIT mwaka 1963: jinsi wanaanga wanavyoweza kukutanisha vyombo viwili kwa kutumia macho yao. Novemba 1966 akaruka na Jim Lovell kwenye Gemini 12, na rada iliyotakiwa kuwaongoza ikashindwa. Aldrin akatoa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe kwa macho, na majedwali yake, akapima, akapiga hesabu, wakaifikia shabaha. Sijui kama kuna tukio la ushujaa linaloonekana la kawaida zaidi kwa mtazamaji: mtu amekaa na karatasi, mwenzake anasubiri aambiwe asukume lini na kwa sekunde ngapi. Ukiliandika vizuri, likiwa na pumzi za watu ndani yake, linashinda mapigano yote ya mizinga ya mwanga.

Kanuni ile ya kupunguza ili ufike imeingia hadi kwenye ugomvi wa Mwanaidi na watu. Chombo kina baraza la abiria, na msemaji wake ni mtu wa sauti kubwa anayetaka kila uamuzi utolewe papo hapo. Mwanaidi habishani naye. Anasema, "Nimekusikia, kaka," anarudi kwenye kiti chake, na siku ya pili yake anakuja na ukurasa mmoja wa hesabu ambao hakuna anayeweza kuupinga. Abiria wengine wanamwona mwoga. Fundi mkuu wa injini, Mzee wa makamo ya babu yake, ndiye peke yake anayetambua kwamba ameshuka chini ili apite.

Halafu kuna mafuta. Kwa maoni yangu hapa ndipo tabia ya rubani inapofichuka kuliko mahali pengine popote, na waandishi wengi hupapita mbio. Kila anachokifanya rubani kinalipiwa kutoka kwenye tangi ambalo haliongezwi. Kusahihisha kosa la jana ni mafuta. Kumridhisha msemaji wa baraza ni mafuta. Hata wema una bei.

Machi 16, 1966, Neil Armstrong na David Scott wakiwa na Gemini 8 walifanikiwa kuunganisha vyombo viwili angani kwa mara ya kwanza katika historia. Muda mfupi baadaye mkusanyiko wote ukaanza kuzunguka. Walidhani tatizo liko kwenye chombo walichojiunga nacho, wakajitenga, na mzunguko ukazidi, kwa kuwa injini ndogo iliyokwama ikiwaka ilikuwa ya kwao wenyewe. Ulifika mzunguko mmoja kwa sekunde, karibu na mahali ambapo macho hayasomi tena na mtu hupoteza fahamu. Armstrong akazima mfumo mzima uliokuwa ukiwaendesha, akawasha injini nyingine ndogo zilizowekwa kwa ajili ya kurudi duniani tu. Chombo kikatulia. Lakini sheria ilikuwa wazi: ukigusa akiba ya kurudia, unarudi. Safari iliyopangwa kwa siku tatu ikaishia siku ile ile katika Bahari ya Pasifiki, na Scott, aliyejiandaa kwa matembezi marefu nje ya chombo, hakutoka.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara ninachokiona ni mkono unaokwenda kwenye swichi ile ya pili ukijua unachokifuta. Alikuwa na muda wa sekunde. Hata hivyo uamuzi wenyewe ulikuwa umefanywa zamani, miezi ya mazoezi kabla, alipokubali moyoni kwamba ikifika hapo atatoa. Ndiyo maana narudia kwamba rubani hujengwa kabla ya dharura. Dharura inaonyesha tu kilichokwisha kujengwa.

Watu wameniuliza kwa nini Ngomeni. Wanadhani nimebandika pwani yetu kwenye hadithi ya nyota ili ipate ladha. Ngomeni ina haki yake. Hapo nje ya ufuko, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya San Marco baharini, na kuanzia mwaka 1967 roketi zikawa zinaondoka pale kwenda angani. Palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, kama digrii tatu tu kusini yake, ambapo dunia yenyewe kwa kuzunguka kwake inaipa roketi msukumo wa bure wa mita zaidi ya 460 kwa sekunde. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba tangu ijitawale, iliondoka pale setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Roketi ziliendelea kurushwa hadi mwaka 1988. Kijiji cha wavuvi, na jirani yake mashamba ya chumvi, kilikuwa bandari ya anga wakati nchi nyingi tajiri hazina hata moja. Mtoto wa kike anayezaliwa hapo karne mbili baadaye akawa rubani hahitaji kuombewa radhi na mwandishi.

Na kusini kidogo tu ndiko Malindi, ambako kuna rubani mwingine anayenisumbua. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika pale akiwa amekwaruzana na watu wa Mombasa, na mtawala wa Malindi akampa mtu wa kumwongoza. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kushika, wakaikata Bahari ya Hindi na kuiona nchi kavu ya India kabla mwezi Mei haujaisha. Ndani ya kumbukumbu za safari ile mmoja wao aliandika kwamba siku chache baada ya kuondoka waliiona tena nyota ya kaskazini, ambayo walikuwa hawajaiona kwa muda mrefu. Jina la rubani limebishaniwa tangu hapo. Lilitajwa sana la Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, lakini wanahistoria wengi wa leo hawalikubali.

Mimi kinachonishika ni matokeo. Mtu yule alikuwa hodari wa kazi yake. Alizijua pepo, alizijua nyota, aliwafikisha wageni salama kama alivyoahidi. Na miaka saba tu baadaye, mwaka 1505, merikebu za Wareno zilirudi zikaipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Je, alijua amebeba nini? Aliulizwa na nani? Rubani huamua njia, lakini mara chache huamua shehena, na pengo hilo kati ya anachokiweza na anachokijua ni kubwa kiasi cha kubeba riwaya nzima. Kwa hiyo Mwanaidi nimempa swali hilo. Katika sura ya pili anadai kuona orodha kamili ya mizigo kabla ya kutia saini mkataba. Wenye chombo wanamwambia orodha haimhusu, kazi yake ni kuendesha. Anakaa kimya wiki nzima bila kusaini. Hatimaye wanamwonyesha, na kuna makasha sita yasiyo na maelezo. Anasaini, kwa sharti kwamba yafunguliwe mbele yake kabla ya kuondoka. Kilichomo nitawaachia wasomaji, ila sharti lile linamgharimu marafiki.

Mabaharia wa zamani wa bahari yetu walipima kimo cha nyota kwa kamal, kibao cha mbao kilichofungwa uzi wenye mafundo. Unauma uzi kwa meno, unanyoosha mkono, ukingo wa chini wa kibao unaugusa upeo wa bahari na wa juu unaigusa nyota; fundo linakuambia uko usawa wa bandari gani. Kipimo chao kilikuwa kidole, na kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Niliposoma kuhusu ajali ya Mir, kituo cha anga cha Warusi, nilirudi kwenye habari hii kwa mshtuko. Juni 25, 1997, Vasily Tsibliyev alikuwa anakileta chombo cha mizigo cha Progress kwa mkono, akikitazama kwa picha ya kamera tu, bila kipimo cha umbali cha kutegemewa. Kilikuja kwa kasi kuliko ilivyotakiwa, kikagonga sehemu ya kituo iitwayo Spektr, hewa ikaanza kuvuja. Alexander Lazutkin na Michael Foale walikata nyaya zilizopita mlangoni ili sehemu ile iweze kufungwa. Walipookoka na hilo, kituo kilikuwa kinazunguka ovyo na umeme unakwisha. Foale akaenda dirishani, akanyoosha mkono, akainua kidole gumba mbele ya nyota, akahesabu zinavyokipita, na kwa hesabu hiyo watu wa ardhini wakajua kituo kinazunguka kwa kasi gani.

Kidole gumba, mwaka 1997, ndani ya mtambo uliogharimu mabilioni! Ningelibuni mimi msomaji angesema nimezidisha. Kwa kuwa lilitokea kweli, Mwanaidi anapima kwa vidole bila aibu, na hakuna mtu anayemcheka.

Ila anga lake haliko kama la Foale. Katikati ya safari chombo kinakwenda kwa asilimia 95 ya kasi ya nuru, na kwa kasi hiyo nyota hazikai mahali pake. Mwanga wa zile zilizo ubavuni unamfikia kana kwamba unatoka mbele. Nyota iliyo kulia kabisa, digrii 90 kutoka kwenye omo, yeye anaiona digrii 18 tu kutoka mbele, vidole kumi na kimoja hivi. Maana yake nusu nzima ya anga imekusanyika ndani ya duara dogo mbele yake, nyota zake zimegeuka rangi kuelekea buluu, na nyuma kumebaki weusi wenye nyota chache zilizofifia kuelekea wekundu. Jua letu liko huko nyuma. Nimetumia kurasa nyingi hapa na sijutii. Rubani aliyelelewa na Kilimia, kile kishada cha nyota, aliyefundishwa na wazee kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, anakitafuta na kukikuta kimesogezwa na kubanwa. Anajua hakijaondoka, ni yeye anayekimbia. Anajifunza anga la kila mwezi upya kadiri kasi inavyopanda, na analiandika kwenye daftari, kwa sababu siku ya kugeuza kompyuta ikisema uongo, daftari ndilo shahidi pekee. Wakifika na kupunguza kasi, nyota zitarudi karibu zote pale pale walipoziacha. Miongoni mwa tofauti chache kubwa, moja ni hii: katika kundi la Cassiopeia itaonekana nyota ya ziada, inang'aa sana, nayo ni Jua.

Sasa kuhusu watu wake. Hakuna rubani asiye na mtu anayemsubiri, na hapa fizikia ina ukatili ambao mtunzi hahitaji kuuongeza. Siku moja baada ya kuondoka, ujumbe unachukua dakika mbili hivi kufika. Baada ya mwezi mmoja unachukua zaidi ya saa thelathini. Sisi ni watu wa salamu ndefu: hujambo, habari za huko, za watoto, za kazi, mguu unaendeleaje. Mwanaidi anatuma "Shikamoo mama" siku ya thelathini, na "Marahaba mwanangu" inamfikia baada ya siku tatu, wakati yeye amekwisha kulala na kuamka na kusahau alikuwa na neno gani la kuuliza. Mazungumzo yanakufa taratibu, yanazaliwa barua. Nikaona kwamba mama na binti wanajifunza kuandikiana kama watu wa zamani, kila barua ikianza na maamkizi na majibu ya maamkizi yaliyopita, ili mtiririko usikatike.

Nikapiga hesabu nyingine ikaninyima usingizi. Siku ya kugeuza, miezi ishirini na mmoja hivi ya chomboni tangu waondoke, nyumbani imepita karibu miaka mitatu. Lakini barua mpya kabisa inayoweza kumfikia siku hiyo ni iliyoandikwa miezi kumi tu baada ya yeye kuondoka. Zilizofuata ziko njiani zinamkimbiza. Kwa hiyo anapokaa kwenye usukani, mama yake, kwa kadiri anavyojua, ni yule wa miezi kumi: amemaliza dawa za kifua, ameezeka upya banda la kuku, anauliza kama chomboni wanakula samaki. Miaka miwili ya maisha ya mama yake imekwisha kutokea naye haijui. Mpwa wake aliyemwacha darasa la kwanza, safari ya kwenda na kurudi ikikamilika bila hata kukaa huko, atakuwa kijana wa kupigiwa hodi na wachumba, ilhali yeye shangazi ameongeza miaka saba tu. Ujasiri wa marubani husifiwa kwa kuwa wanaikabili hatari ya kufa. Mimi naona kuna ujasiri mwingine, wa kukubali kuwa mgeni kwenu.

Namna anavyozungumza kazini nimeifuata kutoka kwa wenyewe. Julai 20, 1969, Armstrong akishuka mwezini, kompyuta ilikuwa imetoa tahadhari mara kadhaa, na mahali ilipokuwa ikiwapeleka palijaa mawe makubwa. Alishika mwenyewe, akapita juu yake kutafuta pa kutua, huku kutoka ardhini akitajiwa sekunde za mafuta zilizobaki. Moyo wake ulikuwa unapiga mara 150 kwa dakika. Sauti yake haikuonyesha. Basi Mwanaidi hatoi hotuba hatari inapokuja. Maneno yake yanapungua. Msomaji anaiona hofu yake kwa anachoacha kusema, na kwa ukili uliowekwa kando, umekunjwa vizuri.

Mzee wa injini amekuwa akimwita "mwanangu" tangu siku ya kwanza, hata mbele ya baraza, naye hajawahi kulalamika, kwa sababu kwa umri ni baba yake mara mbili na heshima ni heshima. Saa ya kugeuza inapofika injini kuu inazimwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi ishirini na mmoja watu arobaini wanakosa uzito. Watoto wamefungiwa mikanda, sufuria zimefungwa kabatini, kuna harufu ya matapishi na ya mpira uliopata joto. Chombo kinaanza kugeuka taratibu sana, kama ilivyopangwa, na kwenye digrii ya mia na kumi injini ndogo moja ya ubavuni inakataa kuzima. Kompyuta inasema imezima. Daftari na vidole vinasema haijazima. Mzee, aliye chini kwenye chumba cha pampu, anauliza kwa redio, "Rubani, nifunge ipi?" Hapo ndipo anapomwita hivyo mara ya kwanza, na sikuweka sentensi yoyote ya kulieleza.

Anamwambia afunge zote. Halafu anatumia akiba iliyowekwa kwa ajili ya kuchagua mahali pa kuegesha watakapofika, na kwa akiba hiyo anausimamisha mzunguko, anamalizia digrii zilizobaki, anawasha injini kuu. Uzito unarudi. Abiria wanashangilia, isipokuwa msemaji wa baraza, ambaye amejifunza kusoma ukurasa wa hesabu na anakwenda moja kwa moja kwenye tarakimu ya tangi la akiba.

Nimeamua kutomrudishia. Nilikuwa na njia tatu za kumpatia mafuta mengine kabla ya kufika, mojawapo nzuri kabisa, na zote nimeziondoa. Sehemu ya pili ya hadithi inaanza hapo: miezi ishirini na mmoja ya kupunguza kasi, baraza lililogawanyika, makasha sita, na mahali pa kufikia ambapo Mwanaidi ana nafasi ya kujaribu mara moja. Ninaiandika usiku, baada ya kazi, na nikimaliza sura ya kwanza yake nitaiweka hapa.